Mchunga Kondoo, Chozi na Mkaratusi

Mwaka 1953 jarida la Kimarekani la Reader's Digest lilimwomba mwandishi Mfaransa Jean Giono aandike habari za mtu mmoja aliyepata kukutana naye na ambaye hawezi kumsahau. Naye akaandika kurasa chache juu ya mgane mmoja mchunga kondoo, jina lake Elzéard Bouffier, aliyekuwa akiishi peke yake katika milima mikavu ya kusini ya Ufaransa, na ambaye jioni huketi mezani akachambua mbegu za mwaloni hata azipate mia zilizo timilifu, na kulipokucha akazipeleka mlimani, akazipanda moja moja kwa kutoboa ardhi kwa fimbo ya chuma, katika nchi isiyo yake wala asiyojua ni ya nani. Wenye jarida walipopeleleza na kutambua kwamba mtu huyo hakuwahi kuzaliwa, waliikataa hekaya. Lakini mwaka uliofuata ikachapwa katika jarida la Vogue, na tangu hapo imefasiriwa katika lugha nyingi, na filamu ya michoro iliyotengenezwa juu yake na Frédéric Back wa Kanada mwaka 1987 ikapata tuzo ya Oscar. Ofisa mmoja wa misitu alipomwandikia Giono kumwuliza habari za mzee yule, Giono alimjibu mwaka 1957 kwamba Bouffier ni mtu wa kubuni, na kwamba muradi wake ulikuwa kuwafanya watu waipende miti, au kwa kusema sawasawa zaidi, waipende kazi ya kupanda miti.

Toleo moja la hekaya hiyo, lililotoka Marekani mwaka 2005, lina dibaji ya Wangari Maathai, binti wa Nyeri aliyekuwa amepokea Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka mmoja kabla. Kwa njia hiyo mchunga kondoo wa Provence amekwisha kukaribishwa Kenya na mtu mwenye haki zaidi ya kumkaribisha, nami naona ni halali kumchukua hatua chache mbele, hata Ugusii, yaani katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako vilima ni vya kijani mwaka mzima na vijito vinapungua, na kuuliza mambo mawili: kwa nini hekaya fupi za kuirudishia ardhi uhai wake huziteka nyoyo za wasomaji kwa wepesi ambao taarifa ndefu za wataalamu hazijapata kuufikia, na zikisomwa katika nchi kama hii, zinasema nini na zinanyamazia nini.

Tuanze na uzuri wake, maana mtu asiyeukiri uzuri wa hekaya hana insafu ya kuipima. Msomaji wa Giono hupewa kwanza hesabu, na hesabu hiyo ni ya mtu mkweli: katika miaka mitatu Bouffier amekwisha kupanda mbegu 100,000, zimechipua 20,000, na katika hizo anatazamia kupoteza nusu kwa panya na kwa yale yasiyojulikana ila kwa Mungu, zibaki 10,000. Mhubiri angeficha hasara. Mchunga kondoo anaitaja yeye mwenyewe bila kuulizwa, na kwa kuitaja anaaminika. Kisha msomaji hupewa wakati. Vita vya kwanza vya dunia vinakuja na kupita, msimulizi anarudi mwaka 1920 akiwa amesahau, anakuta miti imekuwa mirefu kumpita kimo. Serikali inapeleka ujumbe kuutazama msitu na kuudhania umejiotea wenyewe. Vita vya pili vinapita. Na maji, ambayo hakuna aliyeyapanda, yanarudi katika mifereji iliyokuwa mikavu tangu zamani ambazo hakuna azikumbukaye. Bouffier anafariki mwaka 1947 katika nyumba ya wazee ya Banon, asiwe amedai kitu kwa mtu yeyote. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai msomaji ameona miaka zaidi ya thelathini ya kazi na malipo yake, jambo ambalo mpandaji wa kweli huliona mara moja tu maishani, tena akijaaliwa umri.

Lakini kilicho kitamu zaidi katika hekaya, kwa maoni yangu, ni kwamba Bouffier hakuomba ruhusa. Hakwenda ofisini, hakuitisha mkutano, hakumbembeleza ndugu wala jirani, aliamka akaenda. Kila msomaji aliyewahi kukaa katika foleni ya idara, au kuona azimio la kikao likilala katika faili, hupumua hapo. Hekaya inamwambia kwamba wema upo karibu kama mkono wake mwenyewe, na kwamba ulimwengu hauna uwezo wa kumzuia.

Raha hiyohiyo ndiyo iliyomo katika hekaya ya pili, iliyo fupi kuliko ya kwanza, na ambayo Wakenya wengi waliisikia kwa mdomo wa Wangari mwenyewe. Ni hadithi inayonasibishwa na Wakechua wa Marekani ya Kusini: msitu unaungua, wanyama wote wamesimama wakitazama kwa butwaa, na ndege mdogo mno mwenye mabawa yavumayo anakwenda mtoni na kurudi, kila mara na tone moja la maji katika mdomo wake, wakubwa wanamkejeli, na ndovu mwenye mkonga mrefu ni mmoja wao, na ndege anawajibu kwamba anafanya kadiri awezavyo. Mwaka 2008 ilitoka Kanada kitabuni, kwa michoro ya Michael Nicoll Yahgulanaas wa kabila la Wahaida, na maneno ya Wangari na ya Dalai Lama yakiwa yameambatishwa. Ndege yule hana makao katika Afrika, lakini msikilizaji wa Ugusii hahitaji kumtafuta mbali: nyuma ya jiko, pale ua la mgomba linapoinama na kufunua ngozi yake ya zambarau, huja chozi asubuhi na mapema, akashika kikonyo kwa makucha na kufyonza asali kichwa chini, na hakuna mtoto asiyemjua. Yeye ndiye huingia akilini hadithi inaposimuliwa, na hadithi haidhuriki.

Angalia, hata hivyo, mahali inapokatika. Hatuambiwi kama moto ulizimika. Hekaya ya Giono humpa mtendaji matokeo yote. Hii humwondolea matokeo kabisa, ikamwachia wajibu peke yake, na kwa sababu hiyo humfariji mtu aliyekata tamaa kuliko ile ya kwanza. Waislamu wa pwani yetu wanayo mafundisho ya namna hiyo tangu karne nyingi, katika ile Hadithi ya Mtume inayomtaka mwenye mche mkononi, ikiwa Kiyama kimemfikia na bado ana nafasi ya kuupanda, aupande. Amri hiyo haikutia shaka wala ahadi ya kivuli, na nguvu yake imo humo.

Sasa tuzipeleke hekaya hizi mbili vilimani.

Mtu akisimama juu ya majabali ya Manga, mahali ambapo Wagusii wana shimo lao mashuhuri la Ngoro ya Mwaga, huiona nchi yote imegawanyika mfano wa nguo ya vipande: chai, migomba, mahindi, mabati ya nyumba, na kati yake miti. Hakuna mahali patupu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, ambayo eneo lake ni takriban kilomita za mraba 1,300, na watu 605,576 katika Nyamira. Yaani Kisii, ingawa ni nchi ya kilimo, ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Hili lapaswa kutajwa mwanzo kabisa, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza ambalo hekaya ya Giono imelinyamazia. Milima yake ilikuwa tupu. Wakazi wa vijiji vile vya Provence walikuwa wamehamia mijini, na kwa hakika ya historia, misitu ya milima ya Ufaransa ilirudi kwa sababu mbili ambazo Bouffier hana shirika nazo: watu waliondoka, na serikali ilipitisha sheria, ya mwaka 1860 na ya mwaka 1882, za kuipanda na kuikarabati ardhi ya milimani kwa fedha za umma na kwa jasho la vibarua wengi. Giono aliondoa vibarua, sheria na masikitiko ya waliokatazwa malisho, akambakiza mzee mmoja na fimbo yake. Simlaumu, hekaya ni sanaa ya kuondoa. Lakini msomaji wa Nyamira hana budi kujua kilichoondolewa, maadamu kwake ndicho kilichobaki.

Katika Ugusii, shamba la kurithi aghalabu hukatwa kwa urefu, likaanzia mgongo wa kilima na kuteremka hata bondeni penye mto, ili kila mwana apate sehemu ya juu pakavu pa kujenga, katikati pa kulima, na chini penye maji. Zamani majani ya bondeni yalikuwa ya malisho ya wote. Lakini ardhi ilipopimwa na kusajiliwa kwa majina ya watu binafsi, hususan katika miaka ya 1960, bonde nalo likawa na mistari ya mipaka, na kila kizazi kikaigawanya mistari ile kuwa myembamba zaidi, hata leo yapo mashamba ambayo mtu akinyoosha mikono miwili anakaribia kuwagusa ndugu zake wa pande zote. Sehemu ya chini ni ya matope. Mahindi huoza na chai haikubali. Ni mti gani utakaosimama pale, ukue upesi, usihitaji palizi, na uuzwe kabla mtoto hajamaliza shule?

Jibu la wengi limekuwa mkaratusi. Mti huu wa Australia uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za treni za reli ya Uganda, na sifa iliyowafanya wenye reli waupende ndiyo inayowafanya wakulima waupende: hukua kwa kasi isiyo na mfano wake, na ukikatwa huchipua. Viwanda vya chai vya Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Tombe, Nyamache, Ogembo na vinginevyo hukausha majani kwa mvuke wa kuni. Wajenzi wa mji wa Kisii wanataka nguzo na fito. Nyaya za umeme zinataka milingoti. Na msiba wowote unataka kuni za kupikia wageni. Mkaratusi umesomesha watoto, umelipia hospitali, umeezeka nyumba. Mtu anayeusema vibaya bila kuyataja hayo hatasikilizwa katika kijiji chochote cha Ugusii, na hastahili kusikilizwa.

Lakini mti huu ukipandwa mfululizo kandoni mwa kijito au juu ya chemchemi, hunywa mwaka mzima, maana haupukutishi majani yote wala haupumziki kiangazi, na mizizi yake huyafikia maji ambayo majani ya asili ya bondeni hayakuyafikia. Mvua za Ugusii si haba. Kwa wastani ni zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, neema ambayo majirani wengi wa Kenya wangeitamani. Pamoja na neema hiyo wanawake hupanga madumu usiku penye chemchemi ambazo mama zao walizichota bila foleni. Taksiri haiwi ya mkaratusi peke yake, kwa kuwa vinamasi vimechimbiwa mitaro na kulimwa, na udongo wa bondeni unachimbwa kufyatulia matofali. Tazama tanuri la matofali karibu na kijito cha Nyakomisaro au popote kandoni mwa mto Riana: matofali mabichi yamepangwa kama chumba kisicho na mlango, chini yameachiwa matundu mawili au matatu ya kuingizia magogo, tope la mfinyanzi limepakwa nje kuzuia joto, na magogo yanayosukumwa ndani ni ya mikaratusi iliyokatwa hatua hamsini kutoka hapo. Bonde limetoa udongo, maji ya kuukanda na kuni za kuuchoma, kwa wakati mmoja. Kijana anayechochea moto hana ubaya; anatafuta karo.

Maji hayo, tukumbuke, si ya Wagusii peke yao. Mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, huanzia katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, ukapita Kisii, ukateremka Migori na kumwagika katika Ziwa Victoria. Jambo dogo lifanyikalo katika pindo la shamba huko Kiabonyoru lina wenyewe wengi ambao hawatahudhuria kikao chochote cha ukoo.

Hapa ndipo hekaya zetu mbili zinapopata taabu. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi yote iliyo kandoni mwa mito na penye vyanzo vya maji ing'olewe. Mwaka huohuo Idara ya Misitu ikatoa mwongozo wa mahali mti huo unapofaa na usipofaa. Wangari mwenyewe alikuwa akiwaonya watu juu yake. Na serikali za kaunti, tangu zilipoanza mwaka 2013, zimekuwa zikiurudia wito huo Kisii na Nyamira. Maana yake ni kwamba, katika nchi hii, hatua ya kwanza ya kuirudishia ardhi uhai wake mahali pengi ni kukata miti. Bouffier hakujitayarisha kwa hilo, wala chozi. Hekaya ya mazingira imemzoeza msomaji kuona mti kuwa wema na shoka kuwa uovu, na mtoto aliyefunzwa hivyo, akimwona baba yake anaangusha mikaratusi kumi penye chemchemi, atalia.

Wala si watoto tu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ijitahidi kufikisha miti katika asilimia kumi ya nchi angalau. Mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto alitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 hata kufikia 2032. Na tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa siku ya mapumziko ili taifa zima lipande. Naziona azma hizo kuwa njema, na nchi kavu za kaskazini na mashariki zinazihitaji kwa dharura. Lakini hesabu ya miche ina lugha ya Giono ndani yake, na lugha hiyo haiwezi kutofautisha kilima cha Nyamira kilichofunikwa na mikaratusi hata bondeni na kilima kile ambacho juu kina mikaratusi ya kuuza na chini kina matete, mianzi na maji. Kwa anayetazama kutoka angani vyote viwili ni kijani, ilhali mwenye dumu mkononi anaijua tofauti yake kila alfajiri.

Sasa, lipo jambo katika hekaya ya Giono ambalo wasomaji wengi hulipita, na mimi nadhani ndilo linaloikaribisha Ugusii kuliko yote. Msimulizi anaporudi baada ya vita vya kwanza, anakuta mzee amebadilisha kazi: kondoo amewaondoa, wamebaki wanne tu, na badala yao amefuga mizinga mia ya nyuki, na sababu ni kwamba kondoo walikuwa wakiitishia miche. Mchunga kondoo aliacha kondoo! Giono analisema kwa sentensi moja na kuendelea na safari, lakini humo mna hadithi nzima ya pili, ya mtu anayetambua kwamba riziki yake mwenyewe ndiyo adui wa kazi yake, akaiacha akashika nyingine. Hii ndiyo hali hasa ya mwenye mikaratusi ya bondeni. Tofauti ni kwamba Bouffier alipoacha kondoo hakuna aliyeathirika, na nyasi zilizokuwa zikiliwa na kondoo wake hazikuwa mpakani mwa kondoo wa kaka yake.

Maana mkaratusi hauondoki kwa shoka moja. Nimesimama penye bonde moja la Nyamira mahali ambapo mwenye shamba alikuwa ameangusha safu yake yote. Visiki vilikuwa vyeupe juu, vinatoa utomvu mwekundu pembeni, na katika kila kisiki, chini ya gome, machipukizi yalikuwa yamezunguka kama taji, mengine yamefika magotini, majani yake machanga yana rangi ya buluu na harufu kali. Mzee alinieleza kwamba kisiki cha namna hiyo usipokimenya gome hata ardhini, au usipochimba mizizi yake, au kukichoma polepole kwa siku kadhaa, umefanya kupogoa tu. Na kuchimba kisiki kimoja kikubwa ni kazi ya wanaume wawili kutwa nzima. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha upande wa kushoto na wa kulia wa shamba lake, ambako safu za ndugu zake zilikuwa zimesimama, ndefu na nyororo, mizizi yake imeingia kwake bila kuuliza mpaka. Alikuwa amepoteza nguzo zake, na chemchemi ilikuwa haijaongezeka.

Mtu huyu ni Bouffier aliyeshindwa, na hakushindwa kwa uvivu wala kwa kukosa imani. Alifanya kadiri awezavyo, sawa na chozi. Alichokosa ni kile ambacho hekaya zote mbili zimekitoa nje ya mlango ili zipate kuwa fupi na tamu, nacho ni makubaliano ya watu waliopakana. Penye mashamba ya mistari, chemchemi ni ya watu kumi, na tisa wakikubali mmoja akakataa, mizizi ya mmoja yatosha.

Ajabu ni kwamba maisha ya Wangari Maathai, ukiyasoma kwa utulivu, yanasema habari hizi kuliko hadithi aliyopenda kuisimulia. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, kwa kumbukumbu ya mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya, na mingi katika hiyo haikuishi. Harakati ya Ukanda wa Kijani aliyoianzisha mwaka huo haikusimama mpaka kazi ilipowekwa mikononi mwa vikundi vya wanawake vijijini, wenye vitalu vyao, wanaojuana, wanaotembeleana, na wanaopewa kifuta jasho kidogo kwa kila mche uliosalimika. Na maneno hayo mawili ya mwisho ni mazito, maana mche uliopandwa ukafa haukulipwa. Hapo pana kikundi, pana malipo, pana ukaguzi. Yote matatu hayamo katika tone la maji la yule ndege. Wangari alijua, nadhani, kwamba hadithi ya tone ni ya kumwinua aliyekaa, na kwamba akisha kuinuka atahitaji hadithi nyingine ya kumwongoza.

Hiyo hadithi nyingine ndiyo ninayoitafuta, nami siamini kwamba Ugusii hauna usuli wake. Koo za Wagusii zina wanyama wao wa heshima: chui wa Bogetutu, kiboko wa Bonchari, wanyama ambao watoto wengi wa leo hawajawaona ila katika picha, lakini ambao majina yao bado yanatajwa mtu akijitambulisha. Hadithi za jioni za nchi ile, kama za Wabantu wengine, haziwapi wanyama kazi ya kusimama na kutazama. Humo wanyama huteta, huitana kikaoni, hudanganyana, huapizana, hupatana. Ndovu wa hadithi ya Wakechua angepelekwa katika simulizi la Kigusii, asingeachwa na mkonga wake mtupu: angeitwa mbele ya wazee aulizwe. Na katika matamasha ya muziki na ya drama ya shule za Kenya, ambamo watoto wa Kisii na Nyamira hukariri mashairi na masimulizi juu ya mazingira kila mwaka, sioni sababu ya kuwalisha daima mti unaolia na shoka linalocheka, wakati bonde lililo nyuma ya darasa lina kisa chenye wasemaji kumi.

Wapo watakaosema kwamba kikao hakifai kwa hekaya, kwamba msomaji anapenda mtu mmoja, mwendo mmoja na mwisho mmoja, na ukimletea mashauri ya mipaka na karo atalala. Hoja hii ina nguvu kwa lugha nyingine. Kwa Kiswahili haina. Miaka miwili kabla ya Giono kuandika, mwaka 1951, Shaaban Robert alitoa Kusadikika, hekaya ya nchi iliyo angani, ambayo karibu tendo lake lote ni kesi: Karama ameshtakiwa, anasimama barazani siku baada ya siku, anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe, na wasikilizaji wanabadilika. Wasomaji wa Afrika Mashariki wameisoma kwa vizazi bila kulala. Kabla yake kulikuwa na Kalila na Dimna, iliyotiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya nane, ambayo wanyama wake hawafanyi lolote kabla ya kushauriana. Msomaji wa Kiswahili amelelewa akistarehe kwa hoja. Kwake majibizano ni mchezo wenye ladha kama kisa cha safari. Ikiwa kuna fasihi duniani iliyo tayari kupokea hekaya fupi ya mazingira ambayo shujaa wake ni baraza, ni hii yetu.

Hekaya hiyo itakuwa na matatizo yake, na gumu kuliko yote nimekwisha kuligusa. Mikaratusi ikiondoka bondeni, nduma zitaweza kuvunwa kwa mwaka mmoja hivi, matete ya ng'ombe mapema zaidi, na mianzi kwa miaka kadhaa. Lakini nguzo zilizokatwa zilikuwa karo ya Januari. Muda huo wa kati, wa kisiki kilichomenywa na mwanzi usiokomaa, ndio ambao mwenye shamba anaufikiri anaponyamaza kikaoni, na wazungumzaji wakidhani amekubali. Kama wanawake wa kikundi watamkopesha, kama kiwanda cha chai kitanunua kuni za juu ya kilima peke yake na kuzikataa za bondeni, kama ndugu aliye mjini atatuma fedha za muhula mmoja, ni maswali ambayo Giono hakuyahitaji, kwa kuwa Bouffier alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee na mkewe kabla hadithi haijaanza, na hakuwa na mtu wa kumsomesha. Mwandishi wa Kisii au Nyamira atayajibu katika ukurasa wake wa pili, na hapo ndipo msomaji wake, mwenye safu yake mwenyewe ya mikaratusi chini ya shamba, atakapoamua kama ataendelea kusoma.